Pafu Husimama kwa Damu

Siku ya tatu ya msiba wa Mama Minza, kule Magu, mwanamke mmoja mgeni alifukuzwa jikoni. Kosa lake lilikuwa dogo. Ng'ombe alikuwa amechinjwa kwa ajili ya waombolezaji, naye akaokota miguu iliyowekwa kando, akaibabua manyoya, akaikatakata na kuibandika kwenye sufuria kubwa ili wazee waamke na supu. Kabla maji hayajachemka, akina mama wa pale wakamzunguka. "Makongoro hayapikwi kwenye mji huu," wakamwambia. Akauliza kwa nini. "Mwiko." Mwiko wa nani? "Wa ukoo. Tangu enzi za mababu." Sufuria likaepuliwa, maji yakamwagwa nyuma ya zizi, na mbwa wakapata sikukuu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nikichambua mchele na wazee wenzangu, mikono yangu ikasimama yenyewe. Marehemu tuliyetoka kumzika alikuwa mpishi wa makongoro ambaye sijapata kuona mfano wake. Niliyanywa mwaka ule nilioishi na binti yake mpaka nikanenepa. Mwiko huo haukutoka kwa babu yeyote, maana nilikuwepo siku ulipozaliwa, ila sikujua kwamba umezaliwa. Nikarudi kwenye mchele, lakini nikajikuta natupa mchele na kubakiza mawe.

Kabula, mjukuu wa marehemu, alikuwa amekaa ubavuni pangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Buhongwa, mtu mzima na heshima zake, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshampanda kifuani. Bibi ndiye aliyemlea, kwa sababu mama yake, Minza, alifariki siku ileile aliyomzaa. "Mama mkubwa," akaninong'oneza, "kliniki wameniuliza mama alikufa kwa nini. Nikawajibu alikosa damu. Ndivyo bibi alivyonikuza nikijua. Wewe ulikaa naye chumba kimoja. Ni kweli?" Nilimwambia msibani si mahali pake, tukirudi Mwanza aje kwangu nimweleze. "Na hicho chumba nataka kukiona," akasema. Basi tangu siku ile mpaka alipokuja, nililala na kuamka na mwaka ule mmoja. Nina miaka mingi nyuma yangu, mingine siikumbuki hata sura yake. Ule naukumbuka mpaka harufu ya mafuta ya taa.

Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, nimepangiwa mwaka wa mazoezi ya ukaguzi wa nyama kwenye machinjio ya mjini, natafuta pa kuweka godoro. Nikaelekezwa Igogo, juu kabisa kwenye mawe, kwa msichana anayetafuta mtu wa kuchangia naye kodi. Nyumba ilikuwa imeegemezwa kwenye jabali, hivi kwamba ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa jiwe lenyewe, halikupigwa lipu wala rangi. Minza alilitundikia kanga, na pale jiwe lilipojitokeza kidogo akapafanya kabati la vikombe. Mvua ikinyesha jiwe lilitoka jasho, vikombe vikalowa. Kitanda kilikuwa kimoja, tukalala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu usoni kwake. Siku ya kwanza aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia najifunza kukagua nyama. Akanitazama juu hadi chini, nilivyokuwa nimekonda kama ufito, akasema, "Basi bado hawajakulipa." Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye alikuwa anakata vitambaa kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi mjini, na alikuwa na mdomo ambao haukujua kufungwa. Angeongea na mkasi, angeongea na kitambaa. Mahali pamoja tu ndipo aliponyamaza, napo ni kwenye ule mlima. Tukianza kupanda ngazi za mawe, Minza hakusema neno. Katikati ya njia palikuwa na jiwe bapa, na kila jioni alikaa pale na kusema, "Ngoja nione ziwa." Ziwa lilikuwa palepale lilipokuwa jana, na magugu maji yake, na meli ya Ukerewe ikirudi. Nilimwamini. Nilifikiri nimepata rafiki anayependa kutazama mbali.

Chakula chetu kilikuwa cha wasichana wawili wenye jiko moja la mchina la mafuta ya taa: ugali na dagaa, siku nyingine kichwa cha sangara kilichozidi ukubwa wa sufuria, na chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopondwa na karanga, ambayo mama yake alituma kutoka Magu kwa mabasi. Wachinjaji hawakuniacha niondoke mikono mitupu. Walinifungia miguu ya ng'ombe kwenye gazeti, nikaibeba hadi juu huku damu ikinichuruzika kiwikoni, na watoto wa mlimani wakaniita Mama Kwato. Elias, mchumba wa Minza, alikuwa dereva wa lori la pamba, mtu mpole wa maneno machache. Mahari ilikuwa inajadiliwa huko Magu, harusi baada ya msimu. Mimba ikatangulia harusi, kama inavyotokea, na sikumwona Minza akiona haya hata siku moja. Alipiga magoti mbele ya kile kioo chetu kilichopasuka, akainua blauzi, akamwambia aliye tumboni, "Wewe utakuwa msichana, na utaongea." Nikamwambia kwa mama kama huyu, mtoto atakayepata nafasi ya kuongea ni shujaa.

Mimba ilipoonekana kwa nje, lile jiwe bapa halikumtosha tena. Alikaa pale, akainuka, akakaa tena kwenye ngazi ya mbele yake. Akaanza kukohoa akilala, na akikaa kikohozi kinakoma. Nikampa mto wangu, halafu nikakunja gunia la nguo nikaliweka juu ya mto, mwishowe akawa anasinzia ameketi, mgongo kwenye jiwe la ukutani na kanga katikati. Nilipata kitanda kizima peke yangu na sikukifurahia. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa wa mbao, na kupitia mbao hizo tulisikia majirani wakimgawana. "Pumu ile." "Pumu gani, kifua kile, mwambieni apime makohozi." "Nyie hamjui mtu. Huyo hana damu, hamuoni midomo?" Minza akiwa ameketi gizani kwenye jiwe lake alinikonyeza, akasema kwa sauti ya chini, "Nachagua ya tatu, ndiyo yenye chakula kizuri." Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu, kama wanavyompa kila mjamzito, naye akavimeza. Nilijua tangu utoto wangu, kama kila mtu anavyojua, kwamba mjamzito akihema sana basi damu imepungua. Kwetu damu ndiyo maelezo ya kila kitu. Mtu mnyonge hana damu, mtu mkali ana damu nyingi, na wasiopatana damu zao hazikukutana.

Mama Minza aliposikia, alikuja na basi la asubuhi. Alipanda mlima ule na gunia la mchele kichwani kana kwamba ni kofia, mwanamke mrefu, mkavu, wa miguu mikubwa. Akasimama mlangoni akamtazama mwanawe aliyeketi kitandani, akamtazama muda mrefu bila salamu. Kisha akavua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akauliza sufuria kubwa iko wapi. "Kwanza tulejeshe damu," akasema, na ile r yake ya Kisukuma ikalainika kama kawaida. Toka siku hiyo chumba chetu kikawa jiko. Maua mekundu ya choya yakichemka asubuhi, matembele mchana, na jioni supu ya makongoro niliyoyaleta mimi, iliyokaa motoni tangu alfajiri mpaka mfupa ukaachia kila ulichokuwa nacho, nzito, yenye chumvi ya kutosha na ndimu. "Kunywa, mayu, mama yangu. Maliza. Damu haiji kwa kuonja." Minza alimaliza. Miguu yake ikaanza kuvimba, na mama akafurahi, akanionyesha: "Unaona? Anaanza kunawili." Nikiandika haya leo, moyo unaniuma kwa namna ambayo sijui niielekeze kwa nani. Sijawahi kumwona mtu akipendwa vile, kikombe kwa kikombe.

Aliyekuwa akinifundisha machinjioni alikuwa Mzee Lukas, mkaguzi mwenye cheti chake, Mkerewe mnene aliyependa kufundisha kuliko kula. Asubuhi moja alichinjwa dume aliyekuja akiwa mnyonge. Mapafu yalipotolewa nikayashika, nikashtuka. Pafu la ng'ombe aliyevuja damu vizuri ni jepesi, la waridi, linajikunja mkononi kama kitambaa. Haya yalikuwa mazito, meusi meusi, na nilipoyabonyeza, alama ya kidole changu ilibaki. "Shikamoo mzee," nikamwita, "hili halijikunji." "Marahaba. Haliwezi kujikunja. Moyo wake umekwama, damu imerudi nyuma, imerundikana humo." Akayaandikia kutupwa. Kisha, kwa kuwa aliniona sijatosheka, akachukua pafu zuri la ng'ombe mwingine, likiwa limelala mezani limenywea, akachomeka mpira wa maji. Nilifikiri atauchomeka kwenye bomba la pumzi. La, aliuchomeka kwenye mshipa mkubwa wa damu, akafungulia maji taratibu. Mbele ya macho yangu pafu lile lilianza kuinuka. Hakuna aliyelipuliza. Mishipa ilijaa, kuanzia mikubwa mpaka ile myembamba isiyoonekana, na kila ilipojaa, pafu lilijinyoosha, likapata umbo, likasimama. "Watu wanadhani mishipa imo humu ya kupitisha damu tu," alisema Mzee Lukas. "Ndiyo inayolishikilia vilevile. Kila kifuko cha hewa kimezungushiwa wavu wa mishipa. Pafu husimama kwa damu, binti." Nikafurahi kama mtoto. Nikamwomba aongeze. "Nikiongeza utaona kingine," akasema, na akaongeza. Pafu likawa gumu. Nililibonyeza, halikubonyea kirahisi. Akaongeza tena, na maji yakapenya kutoka kwenye mishipa yakaingia kwenye njia za hewa, na kwenye bomba la pumzi pakatoka povu, la waridi, laini, likizidi na kuzidi mpaka likamwagika mezani. Akafunga bomba. Mimi nilikuwa bado natazama povu.

Jumapili iliyofuata, mchana, mama yake akiwa kanisani, nilimwambia Minza ageuke niweke sikio mgongoni. "Unanikagua?" akauliza. "Unigongee na muhuri basi." Nikamwambia anyamaze avute pumzi. Kule chini ya mbavu nilisikia mlio mdogo mdogo, kama chumvi inayotupwa kwenye mafuta ya moto. Sikuwa daktari, na mpaka leo ninachokijua ni ng'ombe, lakini nililikumbuka lile pafu lililokataa kujikunja. Niliona jinsi mbavu zake zinavyohangaika kuinua kitu kisichotaka kuinuka. Kesho yake sikwenda kazini. Tulishuka mlima tukipumzika kila ngazi chache, tukaenda hospitali kubwa, na huko daktari mmoja, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. Akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba, leo goti kesho kiwiko. Minza akashangaa. "Umejuaje? Nilipakwa dawa za mizizi, ikaisha." "Haikuisha," daktari akasema. "Ilihamia kwenye moyo."

Alituchorea kwenye kipande cha boksi la dawa. Moyo una milango. Mmojawapo, ule wa kupokea damu inayotoka mapafuni, kwa Minza ulikuwa umekakamaa na kuwa mwembamba. Damu ikitoka mapafuni inakuta mlango mdogo, inapanga foleni, na foleni inarudi nyuma mpaka kwenye mishipa ya mapafu. "Mishipa hiyo ndiyo inayoyapa mapafu umbo," alisema. "Ikijaa kwa kiasi, mapafu yanakaa wazi, yanaenda na kurudi. Ikijaa kupita kiasi yanakuwa magumu. Kila pumzi anayovuta dada hapa ni kama kusukuma mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Na mimba inaongeza damu mwilini, kwa kila mwanamke. Kwa wengine ni neema. Kwake ni mzigo." Nikauliza, "Kwa hiyo hajapungukiwa damu?" "Hajapungukiwa. Imekwama." Akaandika dawa ya kukojoza ili maji yapungue, akapiga marufuku chumvi, akapiga marufuku supu, na maji ya kunywa akayapima. Alazwe, ajifungulie palepale, na mtoto akishatoka, afanyiwe mpango wa kwenda Dar es Salaam kupanuliwa ule mlango. Minza alisikiliza yote kwa utulivu. "Mtoto yeye ana milango yake?" akauliza. Daktari akamwambia mtoto anaendelea vizuri. "Basi tutasukumana na huo mlango," akasema Minza.

Nilimweleza mama yake kwenye benchi la nje ya wodi, kwa Kiswahili, na pale niliposhindwa, muuguzi mmoja akanisaidia kwa Kisukuma. Alisikiliza akiangalia miguu yake. Mtu ambaye maisha yake yote ameona mgonjwa akipona kwa kulishwa, unamwambiaje kwamba mwanawe anazama kwa vile alivyo navyo ndani? Akasema ameelewa. Lakini nilimsikia jioni ile akiongea na mama mwingine wa kijijini kwao aliyekuja kumwona ndugu yake, wakiwa wameketi nyuma ya nguzo, hawakujua kuwa nipo. "Wanamnyima maji," alikuwa anasema. "Mtoto wangu ana kiu, midomo imekauka, na wanapima maji kwa kikombe kama dawa. Hata ndama humfanyii hivyo." Yule mwingine akasema, "Madaktali hawa." Dawa zilimsaidia, hata hivyo. Mlio ule wa mgongoni ulipungua, maneno yake yakarudi, akaanza kuwataja wagonjwa wenzake kwa majina ya utani. Wiki zile pale wodini tulikuwa na matumaini ya kweli, na ni hayo matumaini yanayonitesa nikikumbuka, kwa kuwa tulishaanza kupanga. Nani atamshika mtoto akienda Dar. Kanga gani ya kusafiria. Elias alikuja na lori lake, akaliegesha mbali, akaleta machungwa ambayo Minza alikatazwa kuyanywa maji yake, wakashikana mikono kama watoto wa shule.

Siku moja mchana nilikuta mama yake ametoka kwenda kufua, na chini ya kitanda kuna chupa ya chai ambayo siijui. Nikaifungua, harufu ikanipiga usoni, nikajua ni miguu ya ng'ombe niliyoileta mwenyewe kwa ajili ya chakula chake yeye mama. Hasira ilinipanda. "Mwache," Minza akasema. "Alinisihi mpaka akalia. Nimekunywa vijiko viwili, nikamwambia nimeshiba. Ona, imejaa." Ilikuwa imejaa kweli. "Usimsemeshe, Vero. Hana lugha nyingine." Nikaimwaga chooni, nikaisuuza, nikairudisha mahali pake. Mama aliporudi akaitikisa, akasikia tupu, akaniangalia, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Alidhani mwanawe amemaliza.

Uchungu ulianza siku chache baadaye, na asubuhi na mapema Kabula alizaliwa, mdogo, mwenye kelele kubwa kuliko mwili wake. Mvua ilikuwa inanyesha, mbula kwa Kisukuma, jina likaja lenyewe. Minza aliwekwa ameketi, mtoto akalazwa kifuani pake, na kwa saa chache tulikuwa watu wenye bahati kuliko wote kando ya ziwa lile. "Sikiliza," akaniambia, "anaongea." Mama yake alikuwa anapiga vigelegele kwenye korido na kukatazwa na kuvipiga tena. Kuelekea adhuhuri Minza alinirudishia mtoto. Akasema, "Mshike, kifua kimejaa." Nikaona mbavu zinaanza ile kazi yao. Daktari aliitwa, akaja mbio, wakachoma dawa, wakaleta hewa ya mtungi. Minza alikohoa mara moja kwenye kona ya kanga, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Lilikuwa povu la waridi. Nililijua. Nilikuwa nimeshaliona mezani, nikamwomba Mzee Lukas aongeze nione zaidi. Nilisimama pale na mtoto mkononi na sikuweza kumkimbilia mtu yeyote wa kufunga bomba. Alinyoosha mkono, nikaupokea, na hakuongea. Yeye, Minza, hakuwa na pumzi ya kusema neno moja la kuaga.

Daktari alitukalisha chini, mimi, mama, na baadaye Elias aliyefika na vumbi la safari. Macho ya daktari mwenyewe yalikuwa mekundu. Alisema mtoto anapozaliwa, damu iliyokuwa ikienda kwenye mji wa mimba hurudi yote mwilini kwa mkupuo, na ule mlango mwembamba haukuweza kuipitisha. Ikajaa mapafuni. Mama Minza hakulia. Aliuliza swali moja: "Ni ile supu yangu?" Daktari akanitazama, nikamweleza habari ya chupa, na vijiko viwili, na kwamba nyingine niliimwaga. Akamshika mama mikono. "Hapana, mama. Vijiko viwili haviui mtu. Ilikuwa damu yake mwenyewe. Hata usingempa hata tone, ingekuwa hivihivi." Mama akatikisa kichwa polepole. "Wabeja," akasema, asante, akainuka kwenda kumchukua mjukuu. Nilimwona akitembea wima na nikashukuru Mungu kwamba jambo hilo angalau limeondolewa mabegani kwake. Niliishi na faraja hiyo miaka yote. Elias alioa tena huko Kahama, mtoto akalelewa Magu, mimi nikaajiriwa, nikazunguka wilaya, nikastaafu. Kila nilipopita Magu nilipikiwa wali na kuku. Sikujiuliza kwa nini kila mara kuku.

Kabula alikuja Jumamosi. Tulipanda Igogo pamoja, mimi na fimbo yangu, yeye na tumbo lake, na tulipofika kwenye lile jiwe bapa nilikaa, si kwa kumbukumbu bali kwa magoti. Bado lipo, wameligawa nusu wakajengea ukuta wa duka, nusu imebaki. Nilimweleza hapo. Nilimweleza mlango, na foleni, na mishipa inayolishika pafu mpaka inalizidi. Nilimwambia ugonjwa ule haurithiwi kama pua, hata hivyo awaeleze kliniki vyote, wamsikilize moyo, na nilimpa na lile jina la kidaktari nililokuwa nimeliandika mkononi mwangu siku ile na sijalisahau. Kisha nikamweleza supu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawa anachuma chuma majani kwenye ufa wa jiwe. "Mama mkubwa," akasema, "bibi hakuwahi kutuambia ni mwiko wa ukoo. Sisi ndio tuliosema hivyo. Yeye alikuwa akiyaona makongoro anatoka nje tu, anakwenda kukaa zizini mpaka harufu iishe. Hata akibembelezwa arudi hakubali. Basi watu wakaacha kupika. Siku moja nilimuuliza, nikiwa mkubwa. Akaniambia, daktari alikuwa mtu mwema sana, alinidanganya vizuri."

Nililia hapo kwenye jiwe kama ambavyo sikuwahi kulia wodini. Miaka yote ile, yule mwanamke mrefu, na mchele wake kichwani, alilea mtoto huku akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mama wa mtoto huyo kwa kijiko. Aliambiwa ukweli, akauona ni huruma. Hakuna aliyebaki wa kumwambia tena, nami nilichelewa kwa siku chache tu za kaburi. Kabula alinishika bega, tukakaa. Wanafunzi walipita wakatusalimia shikamooni, tukaitikia kwa pamoja.

"Nitakwenda kukiangalia hicho chumba," akasema. "Wewe pumzika, mama mkubwa. Nikikipata nitakuita." Akaanza kupanda, mimba yote ile, akishika majabali kwa mkono mmoja. Alipopita ngazi ya kwanza akauliza ni mlango wa rangi gani, nikamwambia rangi haiwezi kuwa ileile. Alipopita ya pili akawa anasema kwamba hajui kama ataweza kuinywa hiyo supu, ila akijifungua salama atajaribu kuipika, walau mara moja, kwa ajili ya bibi. Alipofika kwenye kona akawa anasimulia habari za darasa lake, mtoto mmoja mtundu, sijui kafanya nini. Sikuwa nikiyasikiliza maneno. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la mama yake, nimefumba macho, namsikiliza anavyopanda huku anaongea.